Kelele Tumboni mwa Mke Mwenza

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili lilikuwa la marehemu mume wangu, Zefania. Kurasa za mbele ameandika yeye mambo ya trekta. Kila ubovu ameupa mistari mitatu: Ubovu, Chanzo, Dawa. Ameandika mpaka Oktoba, Novemba tukamzika. Sasa nageuza ukurasa naandika mimi, Eliaichi, darasa la nne, na mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake.

Nimeshuka jana kutoka Suji kuja huku tambarare kulima. Mawingu yamelala juu ya milima kwetu, huku chini yanatuchungulia tu. Masika ya huku hayana adabu. Yanakuja wiki nne, tano yakijitahidi, yanaondoka bila kuaga. Ukichelewa umelima vumbi. Vuli hatukupata hata debe. Ghalani yamebaki magunia mawili ya mahindi, na hayo ni ya nyumba mbili: yangu, na ya wifi yangu Justa, dada yake Zefania, mjane kama mimi.

Trekta liko chini ya turubai. Mimi naliita Mke Mwenza. Miaka thelathini na moja mume wangu amenukia dizeli. Nikipika makande yanapoa, yeye yuko chini ya tumbo la huyo mwenzangu na spana. Haya, ametuacha wawili, tutazamane.

Jumatatu, 3 Machi

Paschal dereva amefika. Huyu ni mtu wa Kasulu, alikuja kukata mkonge, Zefania akamtoa huko miaka kumi na moja iliyopita akamfundisha trekta. Mkimya. Anapiga mluzi nyimbo za kanisani, jambo nisilolipenda, nyimbo za kanisani zina maneno yake.

Mwanangu Sadock amepiga simu kutoka Moshi. "Mama, hilo trekta ni zee. Nimempata mtu wa chuma chakavu. Likilima msimu huu sawa. Likishindwa, Pasaka nakuja naye, linakatwa, na wewe unapanda Suji unapumzika." Nikamwambia apumzike yeye. Lakini limeandikwa jina lake, baba yake ndivyo alivyopanga. Kwa hiyo Pasaka.

Jumanne, 4 Machi

Jambo hili naliandika mara moja, na Mchungaji asilione.

Kwa ukoo wa mume wangu, jembe halishiki ardhi ya msimu mpya kabla halijanyweshwa dengelua, pombe ya miwa. Zefania alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa benchi la mbele. Lakini kila msimu, alfajiri ya siku ya kwanza, alikwenda peke yake kwenye trekta na kibuyu, akarudi na kibuyu kitupu. Sikumfuata hata siku moja. Mambo ya mtu na jembe lake. Vuli iliyopita alikuwa kitandani, hakuna aliyelinywesha, na vuli ilivyokuwa kila mtu aliiona.

Basi wifi Justa amenipikia, na leo alfajiri nimekwenda mimi. Nimemnywesha Mke Mwenza kibuyu kizima. Sikubana mkono.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza! Paschal ameanza upande wa Justa kwa sababu ni mdogo. Udongo unageuka mweusi, yangeyange wanafuata plau kama watoto wa shule. Nimekaa kwenye mzizi nimeangalia mpaka jua kuzama.

Ijumaa, 7 Machi

Wanalima.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nne asubuhi Paschal amesimamisha trekta katikati ya mtaro. "Mama, kuna kitu kinagonga."

Nikasema kinachogonga ni uvivu. Akaliwasha tena, nikasikia na mimi. Ko. Ko. Ko. Kama mtu amefungiwa ndani ya pipa anaomba kutolewa. Ukimwongezea moto anagonga mbio, ukimpunguza anagonga polepole. Moshi mweupe, halafu mweusi.

Tumelima eka moja ya Justa na nusu eka ya kwangu. Eka tisa zinangoja.

Jumanne, 11 Machi

Ko, ko, ko. Paschal ameangalia oili, imejaa. Amekaza kila nati anayoijua. Akaweka mkono juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa, akatikisa kichwa. Nimemkaripia asitikise kichwa, atoe jibu.

Mvua imenyesha usiku kucha. Mvua nzuri kabisa, na inapotea.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi Eliufoo amekuja kutoka Same na pikipiki. Kijana wa kwetu, bibi yake nilisali naye.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Usinisalimie sana, mwangalie mgonjwa."

Amewasha, amesikiliza kwa nusu dakika akiwa amesimama, mikono mfukoni. Akazima. "Bibi, hizi ni metali. Zile zinazoshika mkono wa pistoni huku chini. Zimekwisha. Ukiendelea kulima, mkono utatoboa injini utokee nje."

"Dawa yake?"

"Kushusha injini yote. Shafti iende Moshi ikachongwe. Mwezi, Bibi. Mwezi na nusu."

Mwezi na nusu ni kusema masika yote. Nikamwuliza metali huuliwa na nini. Akasema kuendesha bila oili, au dereva kulilazimisha. Oili ipo. Basi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemfukuza Paschal.

Nilimkuta dukani ananunua sabuni, watu wamejaa barazani wakikimbia manyunyu. Nikamwambia umeniua. Umelikimbiza trekta la watu kama umeliiba. Akasema, "Mama, nimeliendesha kama Mzee alivyonifundisha." Hapo alipomtaja Mzee ndipo nilipochemka. Nikamwita mlevi. Mbele ya watu wote. Nikasema mlevi wewe, umeua trekta kwa ulevi wako, rudi kwenye mkonge ulikotoka.

Sijawahi kumwona Paschal amelewa. Ila hasira ina mdomo wake.

Aliweka sabuni kaunta. Akanipa ufunguo wa trekta kwa mikono miwili, kama anayempa mkubwa kitu. Akaondoka na mvua.

Ubovu: kugonga.
Chanzo: Paschal.
Dawa:

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Trekta limesimama.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Trekta limesimama. Jirani wa upande wa chini mahindi yake yameshatoa majani mawili.

Jumatano, 19 Machi

Nimetafuta trekta la kukodi mpaka miguu imevimba. Yote yana foleni mpaka baada ya Pasaka. Maksai walikufa na ukame ule wa juzi, aliyebaki nao anawaficha kama dhahabu.

Alhamisi, 20 Machi

Mimi na Justa tumechukua majembe ya mkono. Tangu alfajiri mpaka saa sita wazee wawili tumegeuza kipande cha kuanikia nguo. Justa akakaa chini kwenye tope akaanza kucheka, akashindwa kuacha.

"Wifi, tukienda hivi tutamaliza eka tisa mwaka gani?"

"Mwaka wa kufa kwetu."

"Basi tusiharakishe."

Nilicheka na mimi. Halafu nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia kwa hasira, nisionwe.

Jumapili, 23 Machi

Nilimwomba Mungu mvua Januari nzima. Leo kanisani nimemwomba aisimamishe kidogo, anisubiri. Nimeona aibu katikati ya sala.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Sadock amepiga simu. Sikupokea.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua imepungua. Gunia moja tumelifungua. Justa anapika makande, mahindi anayahesabu kwa kiganja na maharage anayaongeza. Najua anavyofanya, na yeye anajua kwamba najua.

Jumapili, 30 Machi

Nilipanda Suji kuchukua blanketi. Katika kulitafuta nimefungua sanduku langu la ukunga. Nimezalisha watoto wa Suji miaka ishirini na sita, kabla serikali haijasema wote waende zahanati. Mkasi una kutu. Lakini ile pembe ya mbao tuliyopewa kwenye semina, ya kusikilizia mapigo ya mtoto, iko vilevile. Mdomo mpana unauweka kwenye tumbo, mwembamba sikioni.

Nimeishika muda mrefu. Mwalimu wa semina alitufundisha jambo moja ambalo halijanitoka: usisikilize kwa kusimama mbali ukasema nimesikia. Tafuta mahali. Mtoto aliyekaa sawasawa unamsikia chini ya kitovu. Ukimsikia juu ya kitovu, jua amekaa matako chini. Sauti ni ileile. Mahali ndipo panapokwambia.

Na Eliufoo alisikiliza amesimama, mikono mfukoni.

Jumatano, 2 Aprili

Leo naandika mengi, mkono uniwie radhi.

Eliufoo amekuja na vifaa vya kushusha injini, na mnyororo, na wenzake wawili. Nikawaambia hamgusi nati kabla sijasikiliza. Nikatoa pembe. Wale wawili walicheka mpaka mmoja akashika mti.

"Bibi, hilo lina mimba?"

"Wewe mama yako nilimsikiliza kwa pembe hii hii. Ulikuwa umekaa vibaya tangu huko. Washa."

Eliufoo akawasha. Ko, ko, ko. Nikainama, mgongo ukalia. Nikaanza chini kabisa, pale aliposema metali. Sauti ipo, lakini ya mbali, kama jirani anayetwanga. Nikapanda ubavuni. Inakaribia. Nikapanda juu, zinapoingia zile paipu nne nyembamba za dizeli. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu nusura nitupe pembe, imenipiga sikio kama nyundo. Ya nne, kimya.

"Njoo hapa," nikamwambia Eliufoo. "Mtoto hayuko huko unakompapasa."

Alisita. Halafu nadhani bibi yake alimfinya kutoka kaburini, maana alipiga magoti akaweka sikio kwenye pembe. Chini. Juu. Ya tatu. Alipoinuka hakuwa akicheka. Akachukua spana, akalegeza paipu ya tatu kidogo tu, dizeli ikaruka, injini ikatetemeka, na ile ko, ko ikakatika. Akaikaza, ikarudi. Akailegeza, ikakatika.

"Bibi," akasema, "metali ni nzima. Ni nozeli. Hii nozeli ya tatu haipulizi dizeli, inaitapika. Ndiyo maana inagonga." Akajipiga kichwa kwa kiganja. "Nilikuwa nakushushia injini bure."

Ningemkumbatia. Nilimwambia tu, "Endelea na kazi."

Aliichomoa nozeli. Ncha yake ilikuwa na utandu wa kahawia, unanata, na kutu kuzunguka. Akasema kitu kama hiki hakitoki kwenye dizeli, kinatoka kwenye maji. Akafungua chujio, lilikuwa la zamani, limetoboka. Halafu akaweka beseni chini ya tenki akafungua nati ya chini. Kabla ya dizeli yalitoka maji, ya rangi ya chai, yanavutika. Akachovya kidole, akanusa. Akamwita mwenzake anuse. Wakatazamana.

"Bibi, hii ni dengelua."

Halafu wakaangua kicheko. "Kumbe ulichosema dukani ni kweli! Paschal mlevi mpaka pombe anaificha kwenye tenki!"

Nilikuwa nimesimama pale na pembe mkononi.

Miaka yote ile niliona kibuyu kikienda kimejaa na kurudi kitupu. Sikuwahi kuona kilikomiminwa. Jembe unalinywesha kwenye ulimi wake wa chuma, hilo kila mtu wa kwetu anajua. Lakini trekta? Nilijiuliza alfajiri ile, huyu mdomo wake uko wapi? Nikasema pale anapokunywa dizeli. Nikafungua kifuniko nikamimina kibuyu kizima.

Wale vijana wanacheka. Wifi Justa hakucheka. Miwa ile aliitwanga yeye kwa mkono wake. Alinitazama, akanisubiri.

Sikusema kitu.

Alhamisi, 3 Aprili

Eliufoo amepeleka nozeli Moshi kusafishwa na kupimwa. Sikulala. Justa ameweka sahani yangu mezani. Makande ya Justa nayajua, leo yalikuwa kama mawe, na chumvi haikupungua.

Ijumaa, 4 Aprili

Nozeli imerudi, chujio jipya, tenki limeoshwa. Eliufoo amewasha. Mke Mwenza anaimba kama mwari. Hakuna ko hata moja.

Na hakuna wa kumwendesha. Eliufoo alijaribu, gia ya pili inamkatalia, maana ina ujanja wake, anaujua Zefania na anaujua Paschal. Mmoja yuko chini ya udongo.

Jioni Justa aliosha vyombo, akajifuta mikono, akasema amenipa mgongo, "Wifi, dengelua ile niliipika mimi. Watu wakiniuliza nitajibu. Wewe hujaulizwa bado, lakini utajibu lini?"

Nilimwambia aende akalale. Akasema, "Kaka yangu alikuwa na maneno machache, lakini yote yalikuwa ya kweli." Akaenda.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimepanda bodaboda saa kumi na moja asubuhi mpaka shamba la mkonge, nilikosikia Paschal amerudi. Nilijua wanakusanyika kabla ya kazi kuitwa majina. Nyapara akasema, "Mama, unamtaka nani?" Nikasema Paschal wa Kasulu. Akasema, "Yule mlevi? Trekta hapa sikumpa, nilisikia habari zake. Anakata majani tu, mstari wa mwisho."

Yaani neno langu la dukani lilitangulia kufika kuliko miguu yake.

Paschal alikuwa kule nyuma, mikono imechanwa na miiba ya mkonge. Amekonda. Sikwenda kumnong'oneza. Nilimwita jina nikabaki nimesimama palepale mbele, watu kama themanini wananitazama, Wamanyema, Wanyaturu, Wapare wenzangu wanaonijua ninavyokaa benchi la mbele.

Nikasema, "Mimi ni Eliaichi, mjane wa Zefania. Nilisema mtu huyu ni mlevi ameua trekta. Ni uongo. Trekta lililewa, na aliyelilewesha ni mimi. Nililimiminia dengelua kwenye tenki, kwa mkono huu."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika Same mjini. Nyapara alishika tumbo. Mtu mmoja akauliza kama lilipata hangova. Nilisimama. Kichwa sikukiinamisha, nikawasubiri wamalize.

Paschal hakucheka. Alikuja mpaka mbele yangu. "Shikamoo Mama."

Nilishindwa kuitikia. Sikustahili.

Akasema taratibu, "Mzee alikuwa akimimina kwenye diski za plau. Nilimwona mwaka mmoja. Nusu anamimina kwenye diski. Nusu anakunywa mwenyewe."

"Zefania?"

"Halafu anakula pipi ya mnanaa, usisikie."

Nikamwambia, "Baba, rudi." Mtu ninayeweza kumzaa, nimemwita Baba. Nimempa ufunguo kwa mikono miwili.

Aliutazama. Hakuupokea upesi. Akasema amejiandikisha mpaka Jumatano, hawezi kumwacha nyapara na mstari nusu, yeye si mtu wa kuacha kazi nusu. Neno hilo lilinipata mahali pake. Atakuja Alhamisi.

Siku nne. Nilitaka kusema mvua haitusubiri. Nikafunga mdomo. Naona ni mara ya kwanza.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua ya mchana, kubwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua asubuhi.

Jumatano, 9 Aprili

Jua.

Alhamisi, 10 Aprili

Paschal amekuja kabla ya jogoo. Amelima mpaka giza. Anapiga mluzi, nimemwacha apige. Mahindi tena hayawezekani, muda umekwisha. Nimebadilisha mbegu, napanda choroko, zinakomaa upesi, na mtama kidogo ule wa muda mfupi. Makande ya mahindi mwaka huu tutayasikia kwa majirani.

Jumatano, 16 Aprili

Eka sita. Zilizobaki tatu zimekauka, plau inaruka juu kama iko barabarani. Paschal ameuliza aendelee? Nimesema acha.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Sadock amekuja na lori na mtu wa chuma. Walitukuta shambani, Paschal anasawazisha kingo. Yule mtu alilizunguka trekta anagonga vyuma kwa kidole, anakadiria. Nikamwambia atoe kidole chake. Sadock alimsikiliza Mke Mwenza akinguruma, muda mrefu, mikono nyuma, sawasawa na baba yake. Akamlipa mwenye lori nauli ya safari, lori likaondoka.

"Na choroko zikishindwa, Mama?"

"Nitakupigia simu."

"Hupokei simu."

"Kupiga na kupokea ni mambo mawili."

Jumapili, 27 Aprili

Leo nimerudi kwenye ule ukurasa wa tarehe kumi na nne Machi. Jina la Paschal nimelikata kwa mstari mmoja, lisomeke bado, mtu ajue niliandika nini. Juu yake nimeandika.

Ubovu: kugonga, nozeli ya tatu.
Chanzo: Eliaichi.
Dawa:

Hapo sijaandika. Zefania aliandika dawa baada ya kuiona imefanya kazi. Choroko zimeota, si zote, upande wa Justa zimeota vizuri zaidi. Tangu Jumatatu hakujanyesha. Jioni tumekaa kizingitini watatu, mimi, Justa na Paschal, tunatazama mawingu yaliyokaa juu ya Suji. Hakuna aliyesema yatashuka.